Macho ya Ukoo wa Halla

Wifi yangu Tellervo Huotari alikuwa akifuga mbwa kabla sijaolewa na kaka yake Veikko. Siku niliyoletwa kwao Kainuu, Ufini, kama bibi harusi, wa kwanza kunipokea hakuwa mama mkwe. Alikuwa jike mweusi mwenye manyoya mengi na madoa mawili ya hudhurungi juu ya macho, jina lake Halla. Alininusa viatu, akanizunguka, kisha akaketi juu ya pindo la gauni langu.

"Basi umeshakubaliwa," Tellervo akaniambia. "Sisi wengine hapa hatuulizwi."

Mbwa wale walikuwa wa asili ya Lappi, kaskazini kabisa mwa nchi, wa kuchungia kulungu wa kufugwa. Baba mkwe ndiye aliyewaleta baada ya vita, naye Tellervo alirithi mapenzi yake kwao kama wengine wanavyorithi pua. Hakuolewa. Asubuhi nilizoea kumkuta jikoni, mkate wa shayiri umetoka tanurini, yeye amekaa sakafuni na kapu la watoto wa mbwa mapajani, kahawa yake yenye vipande vya jibini, kama desturi ya kwao, inapoa mezani. Nikimwambia kahawa inapoa, hujibu, "Kahawa itachemshwa tena, wifi. Hawa hawatakuwa wadogo tena." Miaka ile naikumbuka kwa harufu: maziwa, majani makavu, na moshi wa sauna ya Jumamosi uliokuwa umeganda kwenye nywele zetu.

Fahari yake kubwa ilikuwa dume aitwaye Tuisku, mwana wa Halla. Alikuwa mzuri hata watu wasiopenda mbwa walisimama kumtazama. Tellervo alimpandisha na majike wa ukoo ule ule, binti za dada zake, ili uzuri usitoke nje. Mtu akimwuliza kwa nini haleti dume mgeni, alisema, "Maziwa mazuri hayatiwi maji." Wafugaji wenzake walisema hivyo hivyo, na wengi wao walileta majike wao kwa Tuisku.

Kisha akaja Hilkka, mama aliyekuwa akipeleka barua kijijini kwetu. Alikuwa amechukua kwa Tellervo jike mwekundu aitwaye Ruska, aliyezaliwa na Tuisku na mmoja wa wapwa zake. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, saa nane za mchana, na kiza kimeshaanza kushuka juu ya theluji.

"Tellervo, Ruska anajigonga," alisema akiwa bado mlangoni. "Mchana hana neno. Jua likizama tu anatembea kama mlevi. Jana kaigonga kwa kichwa pikipiki yangu iliyosimama."

"Unampa mabaki ya soseji, ndiyo maana. Mbwa hali chumvi."

"Sijampa soseji."

Tellervo akatoka naye uani. Akachukua donge la uzi wa sufu, akalirusha mbele ya Ruska. Halla, mzee sana wakati huo, aligeuza kichwa kulifuata. Ruska alisimama tu, masikio juu, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Tellervo akarusha tena. Kisha akaenda kuliokota donge mwenyewe, akakaa muda mrefu ameinama, kama anayetafuta kitu kingine pale chini.

Daktari wa macho ya wanyama mjini Oulu alimpima Ruska, akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Pazia la nyuma ya jicho linakufa polepole, kwanza usiku, halafu mchana. Na mtoto hawezi kuupata bila kuupokea kwa baba na kwa mama, wote wawili.

"Huyo daktari hajamwona Tuisku," Tellervo aliniambia garini tukirudi. "Tuisku anamwona panya ng'ambo ya ziwa. Atampaje mwanawe upofu asiokuwa nao?"

Swali lile halikumwacha. Majira yale ya baridi akajiandikisha kwenye masomo ya jioni ya watu wazima mjini Kajaani, yeye aliyeacha shule mapema akakamue ng'ombe. Mimi ndiye niliyemwendesha, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Mwalimu alikuwa dada mmoja kijana wa baiolojia, mpole, aliyeandika ubaoni herufi kubwa na ndogo za mambo ya urithi. Wiki za kwanza Tellervo alirudi amenuna. Zile herufi, alisema, zilikuwa kama mende: ukidhani umemkamata mmoja, wawili wamekimbia.

Kisha siku moja mwalimu akamwuliza, "Mama Tellervo, wewe unafuma glavu, si ndiyo? Chukua glavu basi. Kila mbwa ana pea moja. Akizaa, anampa mtoto glavu moja tu, na huwezi kujua atampa ipi. Baba naye anatoa moja. Mtoto mwenye glavu moja nzima na moja iliyotoboka, ataona?"

"Ataona," alisema Tellervo taratibu. "Mkono mmoja mzima unamtosha."

"Na hiyo iliyotoboka imekwenda wapi?"

"Bado anayo. Anamwekea mwanawe."

Kesho yake nilikuta kibaraza cha tanuri kimejaa glavu zote za nyumba ile, nzima na zilizotoboka, zimepangwa pea pea. Veikko aliingia na shoka mkononi.

"Dada, nakwenda kupasua kuni. Glavu zangu ziko wapi?"

"Usiguse. Leo wewe ni Tuisku."

"Nashukuru kwa heshima hiyo, ila vidole vinaganda."

"Vigande. Mwenzio nasoma."

Alisoma hivyo majuma mengi, akihamisha glavu kutoka Halla kwenda Tuisku, kutoka Tuisku kwenda kwa mabinti. Alasiri moja aliniita. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Tazama, wifi. Ningeleta dume wa mbali, zilizotoboka zingetawanyika, zisingekutana. Mimi nimezirudisha nyumbani kila mwaka. Nimezikutanisha kwa mkono wangu huu."

Nilimwambia hakujua. Alisema Ruska hakujali kama alijua au hakujua.

Bwana Eino Pikkarainen, mwenyekiti wa chama cha wafugaji, alipata habari, akaja kunywa kahawa. Alikuwa mtu mwenye sauti ya kanisani na tumbo la sherehe. Alikula mkate, akasifu jibini, ndipo akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Bi Tellervo, mbwa mmoja si ukoo. Tuisku ana watoto jimbo zima, wangu wakiwemo. Ukisema neno hili mbele za watu, unatuchafulia sote. Nyamaza, usimpandishe Tuisku tena, mpumzishe kimyakimya, basi."

"Na wale watoto wa jimbo zima, nao niwapumzishe kimyakimya?"

"Kama una wasiwasi, iko njia. Mpandishe mmoja mmoja na Ruska. Watakaozaliwa wakipofuka, umejua nani ana ubovu."

Tellervo aliweka birika chini. "Nizae vipofu makusudi ili nipate hesabu? Hapana, Bwana Eino. Hilo silifanyi."

"Basi wachinje wote uanze upya. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Kwetu husema mwana akinyea kiganja hakikatwi," alijibu. "Maliza kahawa yako, inapoa."

Mkutano wa chama ulifanyika majira ya machipuko, katika ukumbi wa vijana uliokuwa bado na mapambo ya karatasi ya harusi ya nani sijui. Nilikaa nyuma na Hilkka. Tellervo alipopewa nafasi alisimama na glavu mbili za kijivu mkononi, moja nzima, moja imetoboka kidole gumba, akaeleza kama alivyoelezwa. Hakupamba. Alisema Tuisku ni mbebaji wa ubovu, ingawa mwenyewe anaona, kwa sababu binti yake amepofuka. Alisema kila aliyechukua mbwa kwake ampeleke kupimwa macho kila mwaka, na asipandishe wenye ukoo mmoja. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alimalizia. "Na kifo chenyewe hakitakuwa chetu, ni cha hawa wasiosema."

Watu walitazama viatu vyao. Mmoja nyuma akacheka, akasema, "Huotari kaja kutuuzia glavu." Tellervo alimtazama, akamwambia, "Yako ninayo, Kalevi, ile iliyotoboka," na ukumbi ukacheka kweli. Lakini nje, kwenye magari, hakuna aliyemsogelea ila Hilkka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ukimya. Simu za watu wanaotaka mbwa hazikulia. Tuisku alilala kibarazani, mzuri vile vile, na watu waliopita njiani hawakusimama. Tellervo hakulalamika, ila niliona anafuma zaidi ya kawaida. Ruska alipofuka kabisa. Hilkka alijifunga kengele ndogo kwenye buti, na yule mbwa akamfuata nyumba kwa nyumba na barua, mkia juu, kana kwamba njia ile aliichora yeye.

Kiangazi kimoja Tellervo akasema anataka kwenda Lappi kutafuta dume mgeni. Tuliendesha siku nzima na jua halikutaka kulala. Tukafika kwa mchungaji mmoja Msami, mwenyeji wa asili wa huko, Nilla Aikio, mwenye mbwa wa kazi wasio na taji wala kombe. Zamani Tellervo aliwaita mbwa wa namna ile "vifagio." Sasa alisimama kwenye uzio akiwatazama jinsi wanavyogeuza kundi la kulungu kwa kuinamisha kichwa tu.

"Nataka dume," alimwambia Nilla, "lakini kwanza nionyeshe mama yake. Na bibi yake, kama yu hai."

Nilla alitabasamu. "Watu wa kusini huja kuuliza mkia. Wewe unauliza bibi?"

"Nauliza macho yake."

Nilla akamwita jike mmoja mwenye ndevu nyeupe, akarusha kichwa cha samaki mbali, mahali penye kivuli cha banda. Yule bibi kizee alikifikia kabla hakijatua. Tellervo akacheka, mara ya kwanza tangu Ruska aanze kujigonga. Walikaa na Nilla mpaka moto ukazima, wakizungumza mambo ya uzazi wa kulungu na wa mbwa, na niliona kwamba alikuwa amepata mtu wa kusemezana naye.

Mjukuu wa yule jike alirudi nasi, akapandishwa na binti mmoja wa Tuisku. Uzao ule ulikuwa wa kila rangi, masikio mengine yamelala, na Tellervo aliutazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua aiweke wapi. Kisha akangoja. Hapakuwa na njia nyingine wakati ule. Ilibidi wakue, wapimwe, wangojwe tena. Miaka ikapita na hakuna aliyejigonga.

Kipimo cha vinasaba kilipokuja, Tellervo alikuwa ameshakuwa bibi mwenye mkongojo. Unasugua shavu la mbwa kwa ndani na kijiti chenye pamba, unatuma. Alimsugua jike aitwaye Utu, wa uzao wa yule dume wa Lappi. Majibu yalisema hana ubovu hata upande mmoja. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa mbebaji, naye Tellervo alimpenda vile vile, akamwozesha kwa jike safi kama ipasavyo.

Eino naye alipima wake, na karibu nusu walikuwa wabebaji. Alikuja amevua kofia.

"Bi Tellervo, nieleze tena yale mambo. Mara ile sikusikiliza."

"Kaa," alisema. "Raili, wifi yangu, tuletee kahawa."

Walikaa mpaka jioni. Sikusikia hata neno moja la lawama kutoka kwa Tellervo, na kama mimi ningekuwa yeye, ningesema machache.

Tellervo alituacha kipindi barafu ya ziwa inapasuka. Utu alilala chini ya kitanda chake mpaka siku ya mwisho, kisha akahamia kwangu bila kuulizwa. Uani sasa ni kimya, na mkate wa shayiri nauoka mdogo, maana tumebaki mimi na Veikko. Simu bado inalia wakati mwingine. Mtu kutoka miji ya mbali, Turku au Joensuu, anamtaka bibi wa mbwa. Namwambia hayupo tena. Akitaka kukata, namwuliza mbwa wake anaitwa nani na mama yake ni nani, na tunaanza kuzungumza.