Vitambaa Alivyofagia Dorika

"Mama Ema, hivi kule kwa Mzee Anania unafagia kama nani? Mtumishi wake au mke wa pili?"

Jeni, jirani yake, aliuliza hivyo huku akicheka. Walikuwa wamekutana njiani, Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa nne wa vita vya Hitla. Jeni anatoka madukani Makambako, Dorika ndiyo kwanza anakwenda. Dorika naye akacheka. Jeni alikuwa na mdomo tangu usichana wao na hakuna aliyemchukia kwa hilo.

"Nafagia vitambaa vyangu," akajibu.

"Vyako vipi tena? Mbona mimi nimeuziwa?" Jeni akafungua pindo la kaniki yake. Ndani mlikuwa na vipande vya nguo vimefungwa kwa uzi kama fungu la mboga: vya buluu, vyeupe, na kimoja cha maua mekundu. "Amevipanga barazani mafungu mafungu. Wahi, vinakwisha."

Kicheko cha Dorika kikakatika. Kile cha maua mekundu alikijua. Alikiokota mwenyewe chini ya cherehani wiki ile baada ya Pasaka, akakitia mwenyewe ndani ya gunia.

Kabla ya vita hakuna aliyevitaka vipande vile. Fundi Anania akikata suruali, vinavyobaki vilianguka chini, upepo ukavipeleka barabarani, mbuzi wakavitafuna. Ni Dorika, mjane aliyefundishwa kushona na Bibi mmoja Mjerumani wa misheni, aliyekwenda kuviomba. Wakapatana vizuri tu: yeye afagie baraza kila Alhamisi, na alichofagia ni chake. Watu wakamcheka. Wakaziita kazi zake blanketi za jalalani. Lakini baridi ya huku haina mzaha, na blanketi la dukani lilikuwa la watu wa mishahara. Dorika aliunga viraka juu, katikati akajaza matambara yaliyochoka, chini akashonea amerikani nzima, ile nguo nyeupe ya dukani, akapitisha sindano kote mpaka vikashikana. Mwaka wa pili wale waliocheka walikuwa mlangoni kwake na sindano zao mkononi. Akawafundisha wote, wala hakudai hata yai.

Vita vilipokuja, yule Bibi akachukuliwa na serikali kwa kuwa ni Mjerumani, na amerikani ikapanda bei kila mwezi mpaka ikatoweka. Dorika alitembea siku mbili hadi Njombe kuitafuta. Mwenye duka akamwonyesha karatasi ya bei za serikali ukutani. Bei nzuri kabisa, ila kitambaa hakuna. Kilikuwepo nyuma ya duka, kwa bei mara tatu, tena kwa sharti ununue na jembe.

"Jembe ninalo nyumbani," Dorika alisema.

"Basi kitambaa huna," akaambiwa.

Akarudi mikono mitupu, na njia nzima akipiga hesabu za viraka. Kama hakuna nguo ya kushonea chini, basi hata chini ataunga viraka. Uzi ataufumua kwenye gauni lake kuukuu. Ila vipande vingehitajika mara mbili, na binti yake Ema alikuwa mjamzito, atajifungua wakati wa baridi kali. Pasaka ilipopita, akamweleza Mzee Anania. Na Mzee Anania, mzee wa kanisa, mtu anayesimama mbele ya usharika na Biblia mkononi, akamwambia kwa kinywa chake, "Usibebe kidogo kidogo, mama. Vitie kwenye gunia hili. Ema akijifungua uje uchukue vyote kwa mara moja."

Alhamisi zote hizo alifagia. Hakukosa hata ile ya mvua ya mawe.

Siku ile basi, baada ya kuachana na Jeni, alifika barazani akihema. Mafungu yalikuwa yamepangwa juu ya mkeka. Gunia lilining'inia msumarini, tupu, limelegea.

"Kamwene, Mzee Anania."

"Kamwene, Mama Ema. Fagio liko palepale."

"Sikuja kufagia. Nimekuja kuchukua vitambaa vyangu. Ema amejifungua, mtoto ana siku tano."

"Bwana asifiwe! Wa kiume?"

"Vitambaa, mzee."

Miguu ya fundi haikuacha kukanyaga cherehani. "Mama Ema, elewa. Zamani zile zilikuwa takataka. Sasa ni mali."

"Nani alizifanya mali?"

"Vita."

"Vita havijui kushona."

Mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake akaangalia pembeni. Mzee Anania akasimamisha cherehani. "Mimi nami nanunua uzi kwa bei ya kuua. Nina watoto. Nguo ni ya mteja, cherehani ni yangu, wewe ulifagia tu. Lakini u dada yetu katika Bwana. Chukua fungu moja. Nakupa kama sadaka."

Dorika alisikia masikio yakimwaka moto. Maisha yake yote hakuwahi kumpigia mtu kelele, hata marehemu mumewe. Alilishika lile fungu, akaliweka tena mkekani taratibu, maana kama angelitupa, angemtupia fundi usoni. Kisha akaenda kwenye kona, akachukua fagio. Alikuwa amelifunga mwenyewe kwa vijiti vya kwao. Akaondoka nalo.

"Mama Ema! Fagio!" fundi akaita.

Hakugeuka.

Nyumbani, mjukuu alikuwa amezungushiwa shuka moja jembamba la bibi yake, juu yake gunia lililokunjwa mara mbili. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa imeunguza majani ya viazi yakawa meusi. Dorika akatoa gauni lake la Jumapili, akalikata. Kitambaa kilikuwa kimechoka. Kila alipopitisha sindano kilipasuka kando ya uzi. Akafumua, akashona, kikapasuka tena.

"Mama, nenda ukachukue hata hilo fungu moja," Ema alisema. "Usiweke hasira mbele."

"Fungu moja litamfunika mguu, mwanangu. Nimfunike mguu gani?"

Alijaribu kusali. Alipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea, ulimi ukagoma. Akarudia toka mwanzo. Ukagoma palepale.

Jumamosi mchungaji akafika. Huja mara moja kwa miezi mitatu, na kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana kila Mkristo hupita mbele yake kuandikwa jina na kuulizwa kama ana ugomvi na mwenzake. Mwenye ugomvi haandikwi mpaka umalizike. Miaka yote watu hujibu "sina neno" na kupita, wengine bado wanadaiana mbuzi. Dorika naye alikuwa akijibu hivyo.

Pale kanisani aliyeshika daftari alikuwa Mzee Anania.

"Dorika," akasema bila kuinua macho, kalamu ikianza kuandika. "Una neno na mtu?"

"Ninalo."

Kalamu ikasimama. Mchungaji akainua kichwa. "Na nani, mama?"

"Na huyu anayeandika."

Dorika akaeleza yote, baraza, gunia na ahadi, hakuacha kitu. Mchungaji akamgeukia Anania.

"Nilimpa fungu moja akakataa," Anania akasema. "Kwa kiburi."

"Ulimpa au ulimrudishia?"

"Ilikuwa sadaka tu, Mchungaji."

"Sadaka!" Jeni alipaza sauti toka benchi la nyuma. Akaja mbele, akaliweka fungu lake juu ya daftari, pale pale kwenye wino mbichi. "Mbona mimi nilitozwa? Nilidhani ni vyake. Mama Ema, chukua, sivitaki."

Anania alitazama lile fungu, asiliguse. Mchungaji akamnyang'anya kalamu.

"Hakuna atakayeandikwa kati yenu wawili mpaka neno hili liishe," alisema. "Mama Dorika, unataka nini? Akuombe radhi mbele ya usharika?"

Dorika akafuta macho kwa kiganja. Akamtazama fundi, si mchungaji.

"Radhi ataniomba siku nyingine. Naomba vitambaa vyote nilivyofagia tangu Pasaka, na alivyokwisha kuuza anilipie kwa amerikani, hata ile ya nyuma ya duka. Na naomba vilivyobaki nivipate leo, nikashone, mtoto anasikia baridi."