Nani Alibisha Hodi

Bweni letu la shule lilikuwa na riwaya moja tu ya maana, tukaisoma kwa zamu mpaka ikachakaa. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Mwanamke aliyekimbiwa na mumewe yuko jikoni anachambua mchele, nje mvua, mara hodi inabishwa mlangoni. Basi, hapo hapo kitabu kinakatika. Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimehamia China kusafirisha mizigo, na hodi ile bado iko kichwani mwangu.

Mwaka jana, Jumamosi moja, niliiona riwaya hiyo Guangzhou, nzima na jalada lake, kwenye meza ya vitabu vya mitumba.

Tulikuwa watatu: mimi, shoga yangu wa Mombasa anayenunua mapazia, na kaka mmoja wa Nairobi, mtu wa viatu. Wiki nzima tulikuwa tumehangaika na kontena bandarini Huangpu, nikawasihi twende tukastarehe kidogo kama binadamu wengine. Starehe gani! Kaka wa Nairobi alifika tu akaanza kuvipima vitabu kwa mkono.

"Hizi zinaingia ngapi kwa katoni, manze?"

Shoga yangu naye kila alichogusa alikisema ghali, "Tai gui le!", kabla hata hajaona bei. Nilijifanya siwajui.

Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kikombe chake cha chai. Bei alikuwa ameziandika kwenye kadibodi: vya Kichina kwa kilo, vya kigeni yuan thelathini kila kimoja. Nilikuwa nimeshatoa pesa, shoga yangu akanipokonya kitabu.

"Thelathini kwa mtumba? Wanijua ama wanisikia? Laoban, bosi, kumi!"

Mzee akatikisa kichwa. "Bu jiang jia." Bei haipungui.

"Niache nilipe, jamani," nikasema. "Nakitafuta tangu niko shule."

"Nyamaza, usimwonyeshe kuwa wakitaka. Twende. Usigeuke."

Ndivyo tunavyonunua sisi. Unarudisha bidhaa, unaondoka umenuna, na kabla hujafika mbali mwenye duka anakuita kwa bei yako. Viti vyote vya ofisi yangu pale jengo la Tianxiu nilivipata kwa kuondoka hivyo. Kwa hiyo alipokirudisha kitabu mezani, nilimfuata. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilimfuata kwa miguu yangu mwenyewe.

Tulitembea mpaka kona, tukaipita. Hakuna aliyeita. Nilipogeuka, mzee alikuwa anapuliza chai yake.

Nilirudi mbio. Kitabu hakikuwepo mezani. Kilikuwa mikononi mwa mama mmoja wa Kichina, mtu mzima, ameketi kwenye kigoda na miwani puani, anasoma huku midomo ikimcheza. Sijui kwa nini nilimwamkia kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, bila hata kushtuka. Kumbe aliwahi kuwa mkalimani Mtwara miaka mingi, na tangu arudi kwao hajapata cha kusoma kwa Kiswahili.

Shoga yangu akafika akihema. "Mama, twakupa hamsini."

"Siuzi."

"Sabini!"

"Nimesema siuzi, binti."

Shoga yangu akanivuta mkono. "Twende, atatwita huyu."

Nilitamani kumzaba kibao mbele za watu. Nilijinasua, nikachuchumaa kando ya kile kigoda, nikamwomba yule mama kurasa tatu za mwisho tu. Akanipa kitabu, akashika ukurasa wake kwa kidole.

Nikasoma. Aliyebisha hodi alikuwa jirani, amekuja kuazima ungo. Mwanamke akampa, akafunga mlango, akaendelea na mchele wake. Mwisho. Mume hakurudi kamwe. Umri wote huu nimesubiri ungo! Nilicheka, kisha nikagundua ninalia, na yule mama akanipa tishu bila kuuliza kitu.

Nilipomrudishia kitabu, shoga yangu alikuwa amenisimamia kichwani. Hadithi hiyo nimemsimulia mara nyingi sana tukisubiri mizigo.

"Enhe? Nani alikuwa akibisha?"

"Ondoka kidogo," nikamwambia. "Tembea tu, usigeuke. Nitakuita."

Sijamwita mpaka leo.