Kompyuta ya Dereva Athanas

Athanas wa Bigwa aliendesha treni miaka ishirini na miwili, Morogoro hadi Dodoma na kurudi, na hakuna aliyewahi kumwona akicheza chochote, hata bao. Ndiyo maana mwaka 2004 ziliposikika habari kwamba mzee ameuza nguruwe wawili ili aunde kompyuta ya gemu, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Waache wacheke. Kisa chenyewe hawakukijua.

Miaka mitano nyuma alikuwa amepeleka mabehewa ya saruji Dodoma. Aliposhuka akapewa bahasha. Alikuwa amepunguzwa kazi, yeye na wenzake wengi, kwa kuwa shirika lilikuwa likijiandaa kupokea mwekezaji. Kichwa cha treni akakabidhiwa mwingine, naye akarudi Morogoro kama abiria, daraja la tatu, amekaa amegeuzia kisogo kule aendako. Hilo lilimuuma kuliko bahasha yenyewe. Dereva hupeleka treni na huirudisha mwenyewe. Ile safari yeye hakuirudisha.

Wakati huo kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga honi akiingia Morogoro, na wake zao walizijua. Ya Athanas ilikuwa mbili fupi, kisha moja ndefu iliyokatwa ghafla. Martina, mkewe, akiisikia kule Bigwa, aliacha jembe akaenda kubandika maji ya kuoga, kwa sababu baba Felista, kama alivyomwita mumewe, haingii ndani na vumbi la njiani Gulwe. Baada ya bahasha, honi za wengine ziliendelea kulia. Zikilia, Athanas alinyamaza katikati ya neno, na Martina alijifanya hakuona.

Gemu aliikuta kwenye duka la kompyuta, mtaa wa Mwembesongo, alikokwenda kuchapisha barua ya kufuatilia mafao. Mwenye duka alikuwa Mwanaheri, binti wa Tanga aliyekuja Morogoro kusoma akabaki kutengeneza kompyuta. Siku hiyo alikuwa akijaribu mashine ya mteja kwa gemu ya kuendesha treni. Athanas akasimama nyuma yake, barua mkononi.

"Shikamoo mzee. Nakuja sasa hivi."

"Marahaba. Punguza mwendo. Kona hiyo huiwezi namna hiyo, mabehewa ya nyuma yatalala."

Mabehewa yakalala. Mwanaheri akageuka, akamtazama, kisha akampisha kiti. Barua ilichapwa kesho yake.

Wiki ya pili Athanas alirudi na laki tatu na nusu ndani ya soksi. Mwanaheri akamwagia mezani vifaa vilivyotumika, vilivyoletwa kutoka Dar, na mzee akavichagua kama anayepanga treni. Prosesa ndiyo injini, alisema, basi itolewe iliyo imara, isiyo mpya wala chakavu. Pawa saplai alizipima mkononi moja moja, akaacha nyepesi akachukua nzito, na Mwanaheri akakiri kwamba hapo mzee amepatia, maana umeme wa Bigwa ukiyumba zile nyepesi haziishi mwezi. Kava alichukua lililobonyea, kwa kuwa halivuti kitu. Kioo kilikuwa kizee, kizito, chenye doa pembeni.

Walipofika kwenye kadi ya picha ndipo walipovutana. Mwanaheri alimwonyesha ya wastani. Athanas aliitaka kubwa, yenye feni yake.

"Mzee, ukichukua hiyo, hela ya kadi ya sauti hakuna. Na huu ubao wa ndani hauna sauti yake."

"Dereva asiyeona ishara toka mbali ataua watu, mwanangu. Sauti ya nini? Mimi siendi disko."

Ubishi wa dereva wa treni mnaujua. Mwanaheri akafunga kadi kubwa.

Kompyuta ikawekwa sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Athanas alivaa shati lake la kazi, akakaa, akaiondoa treni kituoni. Picha ilikuwa safi, ishara zinaonekana toka mbali, milima ya Ulaya imejaa theluji. Baada ya dakika kumi akasimama, akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti.

"Imeharibika?" Martina aliuliza.

"Nzima. Lakini ni kama naendesha maiti."

Martina aliishi na dereva na alielewa. Mumewe alikuwa akijua mzigo kwa kusikiliza injini inavyolalamika kwenye mwinuko wa Kidete, na breki kwa mlio wake. Macho yalikuwa ya ishara tu. Miaka yote aliendesha kwa masikio, na dukani, mbele ya vifaa vyote vile, masikio ndiyo aliyoyaacha. Alikuwa amejikasirikia, na alikuwa na huzuni, kwa sababu nguruwe walikuwa wawili tu.

Kesho yake alipeleka kadi kubwa Mwembesongo. Mwanaheri aliipokea bila kusema nilikwambia, jambo ambalo vijana wachache wanaliweza, akampa ile ya wastani na kadi ya sauti juu. Spika hazikupatikana kwa hela iliyobaki.

"Chukua redio yangu," Martina akamwambia aliporudi. "Ina tundu la waya. Ila saa ya matangazo ya vifo naitaka."

Redio ile ilikuwa kubwa, ya zamani, yenye sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Athanas akachomeka waya, Martina akachukua jembe akashuka kwenye karoti zake. Picha sasa ilikuwa ikikwamakwama na theluji imegeuka madoa. Athanas hakujali. Injini ilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, na alipofika kwenye mwinuko akaisikia ikilalamika, akaipunguzia. Aliendesha karibu saa mbili. Kituo cha mwisho kilipojitokeza, kidole chake kikabonyeza honi. Ilikuwa honi ya kigeni, nyembamba. Akapiga mbili fupi, kisha moja ndefu, akaikata ghafla.

Alisimamisha treni pale pale panapotakiwa, akazima, akakaa karibu nusu saa akikitazama kioo cheusi. Kisha akatoka kwa mlango wa uani.

Martina alikuwa jikoni, jembe limelala pale mlangoni alipolitupa, magoti yana udongo wa shamba. Ndoo ilikuwa bafuni tayari, inatoa mvuke, na taulo lilikuwa juu ya ukuta wa mabati. Athanas aliitazama ndoo ile mpaka machozi yakamlengalenga, na hakuyaficha.

"Leo umechelewa," Martina alisema.

"Miaka mitano."

"Haya, kaoge. Maji yanapoa."