Breki za Marehemu Clever

Hapa Mapinga, ukitaka jibu la haraka usimwendee Fundi Medard. Mimi Dija nakaanga maandazi pembeni ya banda lake mwaka nenda mwaka rudi, namjua. Huyo mtu wa Ngara hata ukimsabahi anafikiri kwanza ndipo aitikie. Mteja analeta gurudumu lililopinda kama ndala iliyoachwa juani, kila mtu analiona, yeye anasema, "Tutaona." Ananikera! Lakini sijaona siku amemrudishia mtu baiskeli kabla hajaipanda mwenyewe.

Ndiyo maana Eufrazia alimletea yeye baiskeli ya marehemu mumewe.

Clever alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Zamani alikunywa, tusifichane, alikunywa hadi kuokotwa mtaroni. Kisha akasimama mbele ya wanajumuiya wenzake wa kanisani, akasema pombe basi, na ikawa basi kweli. Halafu siku moja akatoka kwenye sherehe ya ubatizo, akashuka mteremko wa darajani, akashindwa kusimama, akaingia ubavuni mwa lori la mchanga. Udongo wa kaburi haujakauka, midomo ikaanza: ameirudia, kwenye ubatizo si kulikuwa na bia? Binadamu sisi, Mungu atusamehe.

Eufrazia aliisukuma ile baiskeli mwenyewe hadi bandani, gurudumu la mbele limejikunja, linakwaruza.

"Arobaini yake inakaribia," akasema. "Watakuja kula kwangu huku wanamteta. Fundi, niambie kitu kimoja tu. Breki zilikuwa nzima?"

"Tutaona," Medard akasema. Safari hii sikumcheka.

Ilikuwa baiskeli ya milimani yenye breki za mafuta. Ukibana mkono wa breki, mafuta yanasukumwa ndani ya mpira mwembamba, nayo yanazibana pedi kwenye sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Eufrazia alipoondoka, Medard akabana. Mkono ukawa mgumu. Kungekuwa na hewa ndani, akaniambia, ungebonyea. Akaupapasa mpira wote: pakavu, hapavuji. Pedi bado nene. Akaisukuma baiskeli kwa gurudumu la nyuma huku amebana kwa nguvu zake zote, na gurudumu likazunguka tu. Basi akapitisha kidole kwenye sahani, akanusa, akaninyooshea na mimi.

Mafuta ya nazi.

Sikuhitaji kuelezwa yametoka jikoni kwa nani. Huku kwetu upepo wa chumvi unakula bawaba, unakula cherehani, unakula mabati. Chuma unachokithamini unakipaka mafuta, ndivyo tulivyolelewa. Lakini breki za namna hii hazitaki, Medard akaniambia. Sahani ikipakwa, pedi zinayanywa yale mafuta, na baada ya hapo zinateleza.

"Medard, nakuomba," nikasema. "Usimwambie. Sema ni hewa. Hewa haina mwenyewe. Marehemu atasafishika, na mjane atapata usingizi."

Yeye akakifuta kile kidole kwa tambara.

Kesho yake Eufrazia akarudi. Medard alisimama kumpokea.

"Breki zilikuwa hazishiki, mama. Kwenye mteremko ule hakuna ambaye angesimama."

Eufrazia akakaa chini, pale pale mchangani, akalia kwa sauti. "Hakunywa! Nilijua hakunywa! Mume wangu hakunywa!"

Nikawahi. "Ni hewa, dada yangu. Iliingia hewa."

Medard akainama, akaokota spana isiyokuwa na kazi yoyote. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, yamekwisha.

Kumbe wapi. Eufrazia alijifuta macho, akasema, "Basi itengeneze, fundi. Shemeji yangu Oswaldi ataichukua huko kwake Mkange. Nitamwonyesha namna ya kuitunza. Clever nilikuwa nampakia mafuta kila Jumamosi, hadi zile sahani zinang'aa."

Nikamkanyaga Medard mguu. Hakuusogeza. Aliweka spana chini.

"Mama, hewa haikuwamo. Ni hayo mafuta. Sahani haipakwi kitu. Oswaldi asiipake."

Eufrazia hakulia tena. Aliitazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akauliza taratibu, "Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akaenda zake bila kuaga. Nilimchukia Medard siku ile, nasema kweli. Nikamwambia ana roho ya jiwe, mwanamke wa watu amemmaliza. Yeye akachukua msasa akaanza kuisugua ile sahani, machozi yanamdondoka, wala hakuyafuta.

Siku ya arobaini nilikwenda, na Medard alikuja, amekaa nyuma kabisa karibu na masufuria. Sala zilipokwisha, kabla chakula hakijapakuliwa, Eufrazia akasimama. Dada yake, Blandina, akamvuta kanga ili akae. Eufrazia akautoa ule mkono.

"Mume wangu hakurudia pombe," akasema. "Breki zake zilishindwa kwa sababu nilizipaka mafuta ya nazi. Mimi, kwa mikono yangu, nikidhani namtunzia. Fundi yule pale, muulizeni."

Wachache waligeuka kumtazama Medard kule nyuma. Wengine walitazama sahani zao tupu.

"Kwa hiyo mwacheni Clever apumzike. Mkitaka kusema, nisemeni mimi. Mimi nipo, nasikia."