Majina Niachie Mimi

Nicheke kwanza, msomaji, ndipo uendelee. Nilirudi Mwanza na stashahada ya uandishi niliyoisomea ughaibuni huku nikiosha vyombo, nikiamini mkoa mzima hauna mwandishi kama mimi. Nusu ya riwaya yangu ilikuwa mtaa wetu wa Mabatini wa leo, nusu Vita vya Kagera. Mzee mmoja wa Kamanga, askari wa zamani, alinisimulia habari za mwenzake aliyeshona kitambaa cha mkewe ndani ya kofia, kisha vita vilipokwisha akaona aibu kurudi nyumbani na mguu mmoja.

"Huyo jamaa alikuwa anaitwa..." mzee akaanza.

"Mzee wangu, majina niachie mimi," nikamkatiza. "Hata mwisho wake nitautunga."

"Haya, msomi."

Siku ya uzinduzi nilimketisha mbele bibi yangu wa Muleba, aliyenilea. Babu hakurudi kutoka vita hivyo wala maiti haikuletwa, hivyo ukoo ulizika mgomba badala ya mwili wake. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio habari za askari aliyenusurika akaona aibu kurudi na mguu mmoja, nikafika kwenye kofia yake: "Kitambaa cha kijani, chenye ua jekundu pembeni." Makofi yakalia. Bibi akasimama.

"Ua hilo nililitarizi mimi. Nani alikuambia?"

"Mzee mmoja wa Kamanga, Bibi. Tulimzika mwezi uliopita."

"Kwa hiyo mume wangu hakufa vitani?" Akasogea hadi mezani kwangu. "Kaburi la mgomba nalipalilia mpaka leo. Mjukuu wangu, babu yako alikwenda wapi?"

Mbele ya ukumbi mzima, mimi msomi nilifunua ukurasa wa mwisho, niliotunga mwenyewe, nikawa natafuta jibu humo.