Nilivyowatembeza wazungu kwa baiskeli za kuazima, Karagwe hadi Kyerwa

Wakuu, heshima kwenu, na walionizidi umri shikamooni.

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu walilisema wengi, tena mbele yangu.

Baba yangu mdogo, Ta Karugaba (Ta kwetu ni kama Mzee) wa kijijini kwetu Ihanda, alisema, "Mzungu ana gari. Apande baiskeli ya kubebea ndizi kwa nini? Ana adhabu?"

Bwana Seif, mwenye duka pale Omurushaka, mtu ambaye babu yake alitokea Pangani, aliweka chini kikombe cha kahawa akanitazama. "Kijana, nimeuza baiskeli tangu ujana wangu. Sijaona mtu analipa ili achoke."

Duka zima likacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na diploma yangu kwenye bahasha ya kaki.

Nimekumbuka haya kwa sababu juzi mwanachama mmoja aliweka picha humu za ziara ya baiskeli za umeme kandokando ya bahari. Guide mbele, wageni nyuma, kila mtu anapiga selfie. Mkasema Watanzania tumechelewa. Nikacheka peke yangu. Biashara hiyo niliifanya Karagwe mwishoni mwa miaka ya themanini, bila umeme na bila bahari. Ni kweli tupu, na Ihanda bado wapo watu wa kunisuta nikiongeza chumvi.

Mimi ni mtoto wa mkulima. Ada ya sekondari niliitafuta mwenyewe kwa kusukuma ndizi za watu kwenda sokoni. Nikafaulu, nikapata nafasi ya kusoma ufundi mitambo Uholanzi, nikarudi na diploma. Kata yetu nzima wakati ule sikuwa na mwenzangu. Sijisifu, naeleza hali ilivyokuwa. (Sawa, najisifu kidogo. Niliitolea jasho.)

Kule Uholanzi nilikuwa nimepanga chumba kwa mwalimu mstaafu, mama mmoja anaitwa Greta. Siku moja akanipeleka kwenye ziara ya ufukweni. Walitupa baiskeli zenye injini ndogo juu ya gurudumu la mbele. Ukichoka kukanyaga unaishusha igusane na tairi, inakuvuta. Kijana mmoja alitangulia akieleza: huu mnara wa taa, hivi vilima vya mchanga, hapa meli ilizama. Mchana tukanywa chai, tukarudi. Watu wakamshukuru na kumlipa.

Nilimtazama yule kijana nikajiuliza ana nini ambacho mimi sina. Bahari yake ilikuwa ya kijivu na upepo unakata masikio. Mimi kwetu nina ziwa chini ya Bweranyange, walikokaa watawala wetu wa zamani. Nina chemchemi za maji moto za Mtagata. Nina mto Kagera wenye viboko.

Nikamwambia Greta, "Njoo kwetu nikutembeze."

Akaja kweli, mwaka uliofuata baada ya mimi kurudi. Alikuja na mdogo wake Willem, mwanaume mrefu mwenye masharti mengi, na rafiki yao Anna, muuguzi asiyesema sana.

Wageni watatu. Mimi nilikuwa na baiskeli moja, ya marehemu baba.

Ndipo nikaanza kuzunguka kuazima. Kwa sasa mnaweza kuona ni jambo dogo. Wakati ule baiskeli ilikuwa lori la nyumba. Ndizi, maharage, kahawa, mgonjwa, bibi harusi, vyote vilipanda keria.

Ta Karugaba alinipa ya kwake huku akitikisa kichwa. Alinipa kwa sababu mimi ni mtoto wa kaka yake, si kwa sababu aliniamini.

Ya pili nilipewa na Mama Domina, mjane jirani yetu, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Rwanda zamani. Ilikuwa baiskeli ya mumewe. Aliifuta vumbi kwa kitenge kabla ya kunikabidhi.

"Mwanangu, unajua nina binti anaingia kidato cha kwanza. Ada yake iko ndani ya magunia yale. Chama kikifungua mzani, hii baiskeli iwe hapa."

"Itakuwa hapa, mama."

"Sema tena."

Nikasema tena.

Nieleze kidogo kwa vijana. Chama cha msingi, pale Omurushaka, kilinunua kahawa kwa vipindi. Gari la pesa likija, mnauza. Pesa zikiisha, mzani unafungwa, mnasubiri gari lirudi, na hakuna aliyejua litarudi lini. Ukikosa kipindi cha kwanza, mtoto wako anaweza kubaki nyumbani wenzake wakienda shule. Safari hiyo tuliambiwa gari litafika wiki inayofuata. Mimi nilipanga kurudi Jumamosi.

Ya tatu nilipewa na Bwana Seif, mpya, bado imevikwa karatasi zake za kiwandani kwenye fremu nzima. Masharti: karatasi zisitoke. "Ikirudi na karatasi, naiuza mpya. Ikirudi uchi, umeinunua." Akanipa mkono mbele ya mashahidi.

Tuliondoka Jumanne asubuhi. Nilizikagua zote mwenyewe: breki, mnyororo, spoki. Nilibeba pampu, viraka, gundi na spana. Diploma ilikuwa kazini.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Tulipita katikati ya migomba, watu wakatoka majumbani kutazama. Mzee mmoja njiani alituletea kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani na kukaushwa na maganda yake, ambazo kwetu mgeni lazima apewe. Willem alidhani ni dawa ya malaria akameza nzima. Yule mzee akamwuliza kwa Kinyambo, lugha yetu, kama ana njaa. Nilitafsiri kwa adabu.

Bweranyange tulisimama juu ya kilima, ziwa liko chini limelala kama sahani ya bati. Nikawaeleza habari za watawala, ng'ombe wao na wahunzi wao. Greta aliandika kila kitu. Nilitembea kifua mbele, siwafichi.

Jumatano tukakata kwenda upande wa Kyerwa, wakati huo bado yote ni wilaya ya Karagwe. Vilima vile si mchezo. Kupanda tulisukuma, kushuka tulimwomba Mungu. Tukalala Nkwenda.

Alhamisi asubuhi tulikuwa Mtagata. Wageni wamekaa juu ya mawe, suruali zimekunjwa, miguu ndani ya maji moto, nyani wanatuangalia toka juu ya miti. Anna alisema neno lake la kwanza la siku hiyo: "Sitaki kuondoka."

Hapo akatokea mtu na baiskeli yake, mnunuzi wa maharage kutoka Omurushaka, tunafahamiana. Hata salamu hakumaliza.

"We bwana, uko huku na baiskeli za watu? Gari la pesa limeingia jana. Kesho mzani unaanza. Na nimesikia pesa zenyewe si nyingi."

Wakuu, maji yalikuwa ya moto lakini mimi nilihisi baridi mgongoni.

Nikawaambia wageni ukweli. Kesho ilikuwa siku ya mto Kagera, wameshanilipa. Lakini tukienda mtoni, kuna nyumba mbili Ihanda ambazo kahawa yao haitafika kwenye mzani.

Willem alikunja uso. Tulizungumza Kiingereza, hapa naweka Kiswahili. "Uliniahidi viboko."

"Nilikuahidi."

"Kwani hakuna mtu mwingine mwenye baiskeli huko kwenu?"

"Kesho hakuna. Kesho kila baiskeli ya Karagwe ina gunia juu yake."

Greta alitoa miguu kwenye maji, akaanza kuvaa soksi. "Hii ninayopanda mimi ni ya nani?"

"Ya Mama Domina. Yule aliyeifuta kwa kitenge."

"Basi viboko watasubiri," akamwambia mdogo wake. "Wao hawana ada ya shule."

Tukarudi. Njiani ikanyesha mvua ambayo msimu wake ulikuwa umeshapita. Nilikuwa naendesha nyuma ya Willem, aliyekuwa juu ya baiskeli ya Bwana Seif, nikaona karatasi inalowa, inajikunja, inadondoka kipande kipande kwenye matope. Nilisimama nikaokota kimoja. Sijui nilitaka kukifanyia nini. Nikakitupa.

Tukalala tena Nkwenda, tukaondoka kulipokucha. Tulifika Ihanda jua limepanda. Barabara ilikuwa imejaa watu na magunia.

Katikati ya watu wale nikamwona Mama Domina. Alikuwa amepunguza kahawa yake kwenye mfuko mdogo, ameuweka kichwani, anatembea. Kwenda chama, kurudi, kuchukua mwingine. Binti yake alikuwa nyuma yake na mfuko wake.

Aliponiona hakunitukana. Alishusha mzigo, akaangalia baiskeli ya mumewe, akaangalia matope yake. "Umekuja," akasema.

Ta Karugaba naye alikuwa pale kwenye uzio wake. Yeye hakunyamaza. "Mawe, mama yangu! Guide wetu amerudi! Na mnarudisha baiskeli tupu hivyo? Kwetu baiskeli ya mtu inarudi na kitu kwenye keria, hata mkungu mmoja. Au Ulaya walikufundisha kusahau?"

Ni kweli. Ndiyo desturi yetu. Mimi nilikuwa sina mkungu, sina chumvi, sina sukari.

Greta akauliza anasema nini. Nikamtafsiria. Akatazama yale magunia yaliyobaki kwenye nyua za hao wawili, akatazama barabara ya kwenda Omurushaka.

"Mwambie haitarudi tupu," akasema. "Itarudi na hela yake. Tufungie mizigo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Anayejua kazi hii anajua gunia la kahawa hulipandi, unalisukuma. Unafunga fimbo kwenye usukani uweze kukata kona, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine unazuia mzigo, unatembea pembeni. Nilifunga kamba mwenyewe, hapo msukuma ndizi wa zamani ndiye alikuwa kazini. Gunia la Mama Domina kwa Greta, jingine lake kwa Anna na baiskeli ya Seif. Willem akapewa la Ta Karugaba, mimi nikachukua jingine la Ta Karugaba kwenye baiskeli ya baba.

Watu waliacha kazi zao. "Leo wazungu wamekuwa wachukuzi!" "Jamani, mpisheni huyo mrefu, hana breki!" Willem aliangusha gunia mara ya kwanza kabla ya kufika barabarani. Ta Karugaba akamfuata, akamshika mkono, akauweka panapotakiwa kwenye fimbo, akamwambia kwa Kinyambo asiikamate kama nyoka. Sijui Willem alielewa nini, lakini kutoka hapo hakuangusha tena. Alifika Omurushaka mwekundu kama nyanya akiwa anaimba.

Kwenye mzani walitupisha, nusu kwa heshima, nusu kwa kicheko. Magunia ya Mama Domina yakapimwa yote mawili, na mifuko aliyobeba kichwani pia. Alihesabu hela yake kwa utulivu, akaifunga kwenye pindo la khanga, kisha akamshika Greta mikono yote miwili. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walisimama tu hivyo.

La Willem likapimwa. Ilipofika zamu ya gunia nililosukuma mimi, karani akafunga dirisha. Pesa zimekwisha.

Ta Karugaba, aliyekuwa ametufuata, akaniangalia. Akashika fimbo, akaanza kulisukuma gunia lake kurudi Ihanda.

Kesho yake nikaenda kwa Bwana Seif na baiskeli iliyooga matope. Aliizunguka, akatafuta karatasi, akapata kipande kimoja kidogo chini ya siti. "Hii ndiyo mpya yako?"

"Nimekuja kuinunua, Bwana Seif."

Nikamlipa kwa ujira wangu wa ziara, karibu wote. Akazihesabu, akanipa mkono, akaongeza kengele mpya bila kuombwa. "Wageni wako wamechoka na wamelipa. Nimeona kwa macho yangu. Nenda." Hiyo ndiyo ikawa baiskeli ya kwanza ya biashara yangu. Baadaye nikafikisha kumi, na wageni wakawa wanaomba kuja kwa barua kutoka nchi nisizozijua.

Greta na wenzake waliondoka bila kuona viboko. Willem aliniambia kwamba siku aliyosukuma gunia ndiyo atakayowasimulia watu kwao.

Deni lililobaki lilikuwa la baba mdogo. Gari la pesa halikurudi kwa wiki kadhaa, na baiskeli yake nikaishikilia hadi irudi na hela yake kama tulivyoahidi. Liliporudi, nilikwenda kwake alfajiri, nikafunga lile gunia kwenye baiskeli yangu mpya, nikalisukuma peke yangu hadi Omurushaka. Nilisimama hadi likapimwa. Nikamrudishia baiskeli yake imeoshwa na kupakwa mafuta, hela yake mkononi, na mkungu wa ndizi kwenye keria.

Siku hiyo nilikuwa nimewalipa wote watatu.

Ta Karugaba aliupapasa ule mkungu, akabonyeza tairi, akahesabu hela. Halafu akaniuliza kwa sauti ya mtu anayepanga kilimo chake:

"Wale wazungu wako, mwakani huwezi kuleta sita? Kahawa itakuwa nyingi."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukiazima kitu cha mtu, umeazima na shida zake, ratiba yake ndiyo ratiba yako. Na mgeni anayekulipa usimfiche mambo ya kwenu, mwambie kama yalivyo, wengi wana akili kuliko tunavyowadhania.

Wenyeji wa Karagwe na Kyerwa mliowahi kusukuma gunia kwa fimbo, jitokezeni. Na mwenye picha za baiskeli za umeme anijibu: kile kilima cha Nkwenda kinapandika na betri, au na yenyewe inasukumwa?