Siku ya Uzinduzi Nilifungiwa Ndani ya Chumba cha Chupa

Ukuta uliongea.

Ndivyo wanavyosimulia watu wa chuo chetu mpaka leo, na kila anayesimulia anatia chumvi yake. Wapo wanaosema alitoka nyoka. Wapo wanaoapa kwamba lilikuwa jini la kwenye chupa.

Jamani, hakukuwa na nyoka. Na lile jini lilikuwa mimi.

Ngoja nianze mwanzo ili tuelewane.

Pale chuoni tulikuwa na kikundi cha wanafunzi cha mazingira. Nyuma ya bweni tulikuwa na kiwanja kidogo ambapo tulikusanya chupa za plastiki, makopo na makaratasi, tukachambua, kisha tukapeleka kwa watu wa kuvitengeneza upya. Mimi nilishinda pale kuliko wote, mpaka nikabatizwa jina la Chupa. Hata mama yangu mzazi alilisikia, na yeye akaanza kuniita hivyo hivyo kwenye simu.

Sasa kichekesho ni hiki. Kwa kushinda kwenye taka, nilifeli somo la taka.

Somo lenyewe liliitwa Usimamizi wa Taka. Darasa zima walipita. Nikabaki mimi peke yangu, mtu wa taka, mwenye mtihani wa marudio wa taka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwalimu wa somo hilo tulimwita Kalamu Nyekundu, kwa siri bila shaka. Mama wa makamo, hacheki ovyo, na akisema, jambo limekwisha. Aliniita ofisini kwake.

"Siwezi kutunga karatasi ya mtu mmoja," akasema. "Uje hapa Ijumaa saa nne, nikuulize kwa mdomo. Usipokuja, chuo basi."

"Nitakuja, Mwalimu."

"Sitaki ahadi. Nataka nikuone."

Nilipompigia mama kumweleza, akasema, "Mwanangu, safari hii usiniletee stori." Basi. Akakata simu.

Na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi wetu.

Uongozi wa chuo ulikuwa unataka kile kiwanja chetu kiwe maegesho ya magari. Mwenyekiti wa kikundi, jamaa mwenye maneno matamu kuliko asali, alikwenda kumbembeleza Mkuu wa Chuo atupe muhula mmoja tumwonyeshe kazi. Tukajenga chumba cha kujisomea. Kuta zote ni chupa zilizoshindiliwa mchanga na kulazwa kwenye udongo na saruji, vitako nje, shingo ndani. Karibu na mlango tuliacha mistari ya chupa tupu, nyeupe, ili zipitishe mwanga.

Tulijivunia jambo moja hasa. Mchanga ule unameza sauti. Ukikaa ndani ukapiga kelele, aliye nje hasikii kitu. Mwenyekiti aliliandika kwa herufi kubwa kwenye bango: CHUMBA CHA UTULIVU.

Utulivu huo nikaja kuulaani.

Asubuhi ile niliingia ndani kufuta vumbi kwenye vizibo. Vilikuwa vya rangi zote, na nilitaka Mkuu akiingia aone ukuta unang'aa. Simu nilikuwa nimewaachia vijana wa muziki, maana yangu ndiyo pekee iliyokuwa na tundu la waya wa spika zao. Nikajiambia nitafuta, nitanawa, nitaenda kwa Kalamu Nyekundu mapema.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kona, nyuma ya viti vilivyopangwa, mlango ulipofungwa. Pa!

Kisha komeo. Ka!

Nikacheka. Nikadhani ni utani.

"Oya! Nipo ndani!"

Muziki ukaanza. Ngoma inapigwa kwenye spika mbili kubwa, na inatoka kwenye simu yangu mwenyewe.

Mlango wetu ulikuwa wa mbao za paleti, zile za kubebea mizigo, unafunguka kwa nje, na komeo liko nje. La ndani tulisema tutaweka baadaye. Nikausukuma kwa bega. Ukatikisika kidogo, kisha nikasikia kitu kizito kinaburutwa kuja upande wangu, na baada ya hapo haukutikisika tena.

Lilikuwa jukwaa la wageni wa heshima. Wamelisogeza mpaka mlangoni kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli.

Nikabandika sikio kwenye chupa tupu. Sauti ya Mwenyekiti ikanifikia kwa mbali: "Utepe ukazwe vizuri! Mlango huu asiuguse mtu mpaka Mkuu akate utepe mwisho, baada ya hotuba zote."

Baada ya hotuba zote!

Nikakaa chini.

Nikapiga mlango kwa ngumi. Nikapiga kwa kiti. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Nje watu wanacheza. Kila wimbo nilioupenda maishani ulipigwa siku ile, na kila mmoja ulinizika zaidi.

Halafu joto. Paa lilikuwa la bati, jua likapanda, na hewa ndani ikawa nzito. Nikawa nimezungukwa na chupa kila upande, ambazo zamani zilikuwa na maji, na mimi nina kiu ya kufa. Nikatafuta tone hata moja. Mchanga mtupu.

Mshereheshaji akapaza sauti: "Saa tatu na nusu, wageni waalikwa wanaanza kuwasili!"

Nikaanza kuogopa kweli. Sikuwa naogopa kufa. Nilikuwa naogopa ile sauti ya mama akisema usiniletee stori. Hebu fikiria ningemwambia nini. Mama, nimefukuzwa chuo kwa sababu nilifungiwa kwenye chumba cha chupa. Nani angeamini? Hata mimi nisingeamini.

Katikati ya wimbo, spika zikalia: Ting!

Ujumbe umeingia kwenye simu yangu. Watu wakacheka. Nikajua huyo ni mama, ananitakia heri. Machozi yakanilengalenga.

Ting! tena.

"Mwenye simu aizime basi!" mshereheshaji akasema.

Ting! mara ya tatu, halafu muziki ukazimwa na hotuba zikaanza. Nikapata matumaini, nikapiga kelele upya, lakini zile spika zilikuwa zimeelekea kwangu. Sauti ya Mkuu wa Chuo ilinguruma mle ndani mpaka vizibo vikatetema. Alisema amekuja kujionea kwa macho yake kama wanafunzi wanaweza kujenga kitu kikasimama, na kwamba uamuzi kuhusu kiwanja atautoa leo leo.

Nikatazama ukuta.

Nilijua mahali pake pa udhaifu, maana ule upande niliujenga mimi. Zile chupa tupu za mwanga zilishikwa na udongo mwembamba. Nikirudi nyuma nikaupiga teke la nguvu, ungefumuka nikatoka. Lakini ungefumuka mbele ya Mkuu, siku ya kuonyesha kwamba haufumuki. Kiwanja kwisha. Kikundi kwisha. Jasho la wenzangu, muhula mzima, limwagwe na mguu wangu.

Nikanyanyua mguu. Nikaushusha. Nikaunyanyua tena.

Mwenyekiti akashika maiki. "Kabla sijaendelea, tumkumbuke ndugu yetu Chupa. Yeye saa hizi, saa nne hii, yuko kwenye mtihani wake. Tumwombee heri!"

Wakapiga makofi!

Nilikuwa umbali wa kunyoosha mkono, ninaombewa kama mtu aliyeko safarini. Hasira ikanipanda mpaka kichwani. Kumbe ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyenitafuta. Kila mtu alikuwa anajua nilipo.

Nikazunguka kama kuku aliyefunikwa tenga. Ndipo mguu wangu ukakanyaga kipande cha nondo alichokisahau fundi wa paa chini ya kiti.

Nikapata akili.

Nikafungua kizibo cha chupa moja tupu. Nikaingiza nondo shingoni mpaka ikagusa kitako, upande wa nje. Nikachukua nusu tofali iliyobaki kwenye kona, nikagonga nondo. Mara ya kwanza ikateleza. Nikashika vizuri, nikagonga kwa nguvu zangu zote.

Kitako kikatoboka. Nondo ikapita, ikagusa kitu laini.

"UWIIII! Kimenichoma mgongoni!"

"Nyoka!"

"Nyoka jukwaani!"

Sikuona chochote, ila nilisikia. Viti vinaanguka, maiki inapiga yowe, viatu vinatimka. Nikachomoa nondo, nikaweka mdomo kwenye shingo ya chupa.

"Jamani! Nisaidieni!"

"Mama yangu, ukuta unaongea!" Hapo hata waliokuwa wamebaki wakaondoka.

Kimya.

Kisha nikasikia mtu anapumua upande wa pili wa chupa. Na sauti ambayo ningeitambua hata usingizini.

"Wewe uliyemo humo. Ni nani?"

Katika maneno yote duniani, yaliyonitoka yalikuwa haya:

"Shikamoo, Mwalimu."



"Marahaba. Ni Chupa wewe?"

Kumbe jina langu la utani analijua. "Ndiyo, Mwalimu."

"Unafanya nini humo?"

"Nimefungiwa, Mwalimu. Tangu asubuhi. Nilikuwa nakuja ofisini kwako."

"Ofisini kwangu kufanya nini? Si nimekutumia ujumbe mara tatu? Mkuu ametulazimisha walimu wote tuje huku, nikakwambia unikute hapa hapa."

Ting. Ting. Ting.

Nikaegemeza paji la uso kwenye ukuta. Muda wote ule nilioulilia mtihani, mtahini wangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma jukwaani, mgongo wake kwenye chupa zangu.

"Tena mwenyekiti wenu," akaendelea, "amesimama hapa kasema uko mtihanini. Mtihani gani, na mtahini niko hapa? Nikajua umewadanganya wenzako. Nilishaamua, sherehe ikiisha nakuandikia sifuri."

"Hapana, Mwalimu! Tafadhali!"

"Tulia. Vijana wanakuja kusogeza jukwaa, lakini naona wanaogopa kulikaribia." Nikasikia anavuta kiti. "Basi tuanze."

"Hapa, Mwalimu?"

"Kwani una pa kwenda?"

Ndugu zangu, nilifanya mtihani kupitia chupa.

Aliniuliza kuhusu kuchambua taka, nikajibu. Aliniuliza kwa nini karatasi iliyolowa mafuta haifai kuchanganywa na karatasi safi. Hayo nilikuwa nayafanya kwa mikono yangu kila siku, yakanitoka kama maji. Nje nikasikia watu wanarudi mmoja mmoja, wananyamazishana. Mkuu wa Chuo naye akakohoa, karibu kabisa.

"Swali la mwisho," Mwalimu akasema. "Taja kasoro kubwa ya mradi huu wa chumba."



Mkuu anasikiliza. Nikisema ukweli, nimekizika kikundi kwa mdomo wangu, na lile teke nilijizuia bure. Nikisema hakina kasoro, Kalamu Nyekundu si mtu wa kudanganywa.

Jasho likanidondokea machoni. Nikavuta ile hewa nzito, na yenyewe ikanipa jibu.

"Hakina hewa, Mwalimu. Hakina dirisha linalofunguka, wala komeo la ndani. Tulijua kila chupa iliyoingia kwenye ukuta imetoka wapi. Mtu atakayekaa ndani hatukumfikiria."



"Kwenye karatasi yako ya kwanza," Mwalimu akasema polepole, "kulikuwa na swali la usalama wa watu wanaofanya kazi ya taka. Ulilijibu vipi?"

"Sikulijibu. Nililiacha wazi."

"Leo umelijibu."

Jukwaa likaburutwa. Nikasikia mkasi unakata utepe, komeo likafunguliwa, na mwanga ukanipiga usoni. Nikatoka nimejaa vumbi, shati limenigandia mwilini, kamera zote zimenielekea. Maji nilipewa na Mkuu mwenyewe, kutoka kwenye chupa yake. Nikanywa yote mbele za watu bila aibu.

Mkuu akaingia ndani. Akafunga mlango, akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa anajifuta shingo.

"Jengo limesimama," akasema. "Kiwanja bakini nacho. Lakini mwanafunzi asikanyage humu mpaka muweke madirisha na komeo la ndani."

Mwenyekiti alinikumbatia analia. "Chupa, nisamehe. Sisi tulijua uko kwenye mtihani."

"Nilikuwa kwenye mtihani," nikamwambia.

Nilifaulu. Si kwa kishindo, lakini nilifaulu. Nilimpigia mama, nikamwambia nimepita, ila stori nayo ninayo. Alicheka mpaka salio likaisha.

Chumba kile sasa kina madirisha. Ile chupa niliyoitoboa tuliiacha vile vile, na wageni wakija wanachungulia wakidhani ni urembo.

Mimi nikikipita huwa sichekeshwi sana. Nakumbuka wale watu wema, wenzangu wa karibu, wanaonipenda, wananipigia makofi huku wamenifungia. Hakuna aliyenichukia. Kila mmoja alikuwa na hakika tu kwamba anajua nilipo.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kwenye kikundi chako, ofisini, hata nyumbani, yupo yule anayefuta vumbi kwenye kona wakati wengine wanapanga viti. Kabla hujafunga mlango na kumwombea heri, muite kwanza. Halafu subiri usikie akiitika.